Mbwa mwitu aliyesusa kula: kisa cha buibui mmoja wa Bigwa

Siku ya 11, nyenje ndio walioonekana wenye nyumba. Walikuwa wawili, wadogo, kila mmoja hazidi punje ya mchele, wanazunguka kopo wanavyotaka, na buibui niliyewaletea awe mlaji wao amejikunyata kwenye kona, miguu yote ameivuta mwilini. Nyenje mmoja alimpanda mgongoni akashukia upande wa pili. Buibui hakutikisika. Nina miaka minne nafuga buibui wa aina hii na sikuwa nimewahi kuona mmoja akifanywa daraja na chakula chake.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu jibu lake nilikuwa nalo mkononi tangu usiku wa kwanza, nikalifagia kwa brashi ya kusafishia bodi za simu.

Mimi ni fundi simu. Kibanda changu kipo jirani na Msamvu, Morogoro, na nyumba ninayopanga ipo Bigwa, chini kabisa ya Milima ya Uluguru, mahali ambapo masika yakianza nyasi zinakupita magoti kabla hujapata muda wa kuzifyeka. Kwa kazi yangu nina kifaa ambacho wapenda buibui wengi hawana: hadubini ya mezani, ile ya kukuza mara 7 hadi 45, tunayoitumia kuunganisha vipande vidogo kwenye bodi. Mchana inaangalia simu. Jioni wateja wakipungua, inaangalia buibui.

Kiswahili hakina jina la buibui hawa lililoenea mitaani. Watu husema buibui, basi, na kuna watakaofikiri unazungumzia vazi. Mimi nimezoea kuwaita mbwa mwitu, kwa kufuata jina la kisayansi la familia yao, Lycosidae, lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana hiyo hiyo. Sundevall, mtaalamu wa Uswidi, ndiye aliyeitambulisha familia hiyo mwaka 1833, na leo ina spishi zaidi ya 2,400 duniani. Yule tarantula wa asili, aliyepewa jina la mji wa Taranto kule Italia, ni wa ukoo huu. Yale majitu yenye manyoya yanayoitwa tarantula siku hizi yalirithishwa jina tu. Sifa yao kubwa ni kwamba hawategi. Wanavizia na kukimbiza, mawindo wanayakamata kwa miguu na meno. Ndivyo nilivyokuwa nimesoma, na ndivyo nilivyokuwa nikimwambia kila aliyeniuliza: mbwa mwitu hafumi utando.

Nyumbani mambo yamegawanyika. Bibi yangu aliyenilea hakuturuhusu kuua buibui ndani, kwa heshima ya yule aliyefuma mlangoni mwa pango siku Mtume alipokuwa akifuatwa na maadui. Mke wangu naye anaamini buibui anakojoa, na mkojo wake unababua ngozi. Nimemweleza mara nyingi kwamba malengelenge yale ya msimu wa mvua yanaletwa na kile kidudu chembamba chenye mistari myekundu na myeusi, kile kinachoitwa cha Nairobi, ukikiponda ngozini. Anasikiliza, kisha anasema, "Sawa baba, lakini kopo likae nje." Makopo yanakaa kibarazani.

Usiku wenyewe ulikuwa wa tarehe 6 Aprili. Mvua ilikuwa imekatika saa mbili hivi. Nilivaa tochi ya kichwani nikazunguka nyuma ya nyumba, kwenye kiwanja kisichojengwa. Ukitaka kuwaona mbwa mwitu usiku, tochi lazima iwe karibu na usawa wa macho yako; ukiishika kiunoni hutaona kitu. Nyuma ya baadhi ya macho yao kuna tabaka linalorudisha mwanga kule kule ulikotoka, kama macho ya paka. Inakuja nukta moja ya kijani, kali, kama kipande cha chupa. Matone ya mvua nayo yanang'aa, lakini ya maji ni meupe na yanabadilika ukisogeza kichwa hatua moja. La jicho linabaki pale pale likikutazama.

Nukta niliyoifuata ilikuwa kwenye nyasi fupi ukingoni mwa kiwanja. Nilipoinama nikakuta utando. Haukuwa ule wa duara unaoning'inia kati ya miti. Ulikuwa umetandazwa juu ya majani kama shuka iliyoanikwa, ukubwa wa sahani ya wali, na upande mmoja ukajikunja kuwa faneli inayozama kati ya mashina ya nyasi. Macho yalikuwa mdomoni mwa faneli hiyo.

Hapo palitakiwa kusimama kidogo. Nilikuwa na ushahidi wa aina mbili. Macho yalisema mbwa mwitu. Utando ulisema familia nyingine kabisa, Agelenidae, mafundi wanaojulikana kwa kufuma shuka zenye faneli. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza ni buibui gani mwenye vyote viwili. Mimi nilichagua kimoja, cha pili nikakitungia hadithi: huyu ni mbwa mwitu aliyevamia nyumba ya watu, mpangaji asiyelipa kodi. Hadithi ilinifurahisha hata nikacheka peke yangu gizani. Nikafunika mdomo wa faneli kwa kikombe cha plastiki, nikachokoa nyuma kwa bua, akaruka ndani ya kikombe na vipande vya utando vikimning'inia miguuni. Vile vipande nikaviondoa kibarazani kwa brashi, taratibu, ili apendeze kwenye picha.

Alikuwa wa kijivu chenye ukahawia, mwili wa milimita 11, miguu myembamba yenye pete hafifu, na mgongoni mwa tumbo safu mbili za madoa meupe. Kwa mbwa mwitu alikuwa mwembamba kidogo. Hilo nalo nililiona nikaliacha lipite.

Kopo nililompa ndilo ninalowapa wote: la aiskrimu, lita mbili, udongo wa kiwanjani sentimita nne, kipande cha gome, kizibo cha soda chenye maji na kokoto ili asizame. Kifuniko kina matundu yaliyotobolewa kwa ncha ya chuma cha kuchomelea. Ndani mwa kopo sipendi vurugu. Kila jioni mbili au tatu nasafisha kuta, naokota mabaki, nalainisha udongo, kwa sababu napiga picha humo humo na uchafu mdogo ukiwa karibu na lenzi unaonekana kama gogo.

Picha za siku zile za kwanza zilifika 60 na ushee. Natumia simu yenye lenzi ya kubana, na mwanga wa pembeni nimeulainisha kwa karatasi ya kufungia chapati. Ninazo mpaka leo na bado ni nzuri. Manyoya yanahesabika, madoa yanang'aa. Kasoro yao ni moja: karibu zote zimepigwa kutoka juu. Mgongo wa buibui ndio sehemu inayovutia macho na ndio inayodanganya kuliko zote, maana rangi hubadilika kwa umri, kwa jinsia, kwa udongo wa mahali, hata kwa siku zilizopita tangu ajivue ngozi. Picha ya uso sikuwa nayo. Ya tumbo kwa chini sikuwa nayo. Ya mkiani, pale penye mirija ya kutolea nyuzi, nilikuwa nayo moja tu, na imetoka ukungu.

Niliziingiza picha tatu kwenye programu ya kutambua viumbe, ikanipa Hogna. Hogna ni jenasi kubwa ya mbwa mwitu wanene wanaotembea ardhini, wengi tu Afrika. Programu siilaumu. Inajifunza kwa picha zilizokwisha kutajwa na watu, na buibui wa huku kwetu waliopigwa picha na kutajwa hadi jenasi ni wachache, kwa hiyo ukiipa mgongo wa kijivu itakurudishia mgongo wa kijivu inaoujua. Nikaandika "Hogna" kwenye kopo kwa kalamu ya wino. Bila alama ya kuuliza.

Siku ya tano alikuja kibandani mteja wangu mmoja, mwalimu wa baiolojia, kubadilisha kioo. Akiwa anasubiri nikamwonyesha.

"Fundi, huyu ulimkuta wapi?"

"Nyasini, mwalimu."

"Nyasini anafanya nini?"

"Anatembea tu."

Jibu lile lilinitoka bila kufikiri, na nadhani ndilo kosa langu kubwa kuliko hata brashi. Nilikuwa nimekwisha kuamua utando si wake, kwa hiyo katika maelezo yangu haukuwepo tena. Mwalimu akatikisa kichwa, akasema mbona miguu myembamba, akaniomba picha ya uso, akachukua simu yake akaondoka.

Picha ya uso sikuipiga. Kufikia hapo shida yangu ilikuwa chakula. Siku ya pili nilimpa nyenje, akamkimbia. Nasema akamkimbia: buibui ndiye aliyekimbia. Siku ya nne nikampa nzi, nzi akafa mwenyewe. Siku ya saba nikaweka nyenje wawili nikawaacha. Buibui kukataa kula si jambo la ajabu. Jike lililoshiba linaweza kukaa wiki kadhaa, na anayekaribia kujivua ngozi huacha kula kabisa. Tumbo lake lilikuwa limejaa na limeanza kuwa jeusi, dalili ya kujivua. Nikatulia. Ila kanuni ya anayekaribia kujivua ni kumtolea kila kiumbe hai kopo lisibaki na kitu, kwa kuwa saa ile anakuwa laini kama ute na hana meno ya kujitetea. Kanuni hiyo naijua. Nyenje sikuwatoa. Nilisema kesho.

Asubuhi ya siku ya 12 nilikuta ngozi tupu karibu na gome, na buibui kwenye kona, mweupe wa maziwa, miguu saba. Nyenje mmoja alikuwa chini ya kizibo cha soda. Mguu wa tatu wa kushoto ulikuwa umebaki kisiki, na kisiki kina alama za kutafunwa.

Nikawatoa nyenje, nikaweka maji mapya, nikaenda kazini na ngozi kwenye kikopo cha skrubu. Siku nzima sikufungua hadubini. Niliona haya, kama mtu anaweza kuona haya mbele ya buibui.

Jioni nikaiweka ngozi kwenye tone la maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo ya vyombo, ilainike. Buibui akijivua, ngao ya kichwani hufunguka kama kifuniko cha sufuria na miguu hutoka kama vidole kwenye glavu, kwa hiyo ngozi inabaki na umbo lake lote isipokuwa tumbo, ambalo hunyauka likawa kama puto lililopasuka. Niligeuza kile kifuniko kikaangalia taa. Vidirisha vinane vikawaka. Hata lenzi za macho hubanduka na ngozi. Kilichobaki pale ni vioo vitupu, bila jicho nyuma yake, na kwa kuwa hakukuwa na rangi wala manyoya ya kunichanganya, mpangilio ulionekana kama umechorwa: vidogo vinne chini mstari mmoja, viwili vikubwa juu yao vinavyotazama mbele, na viwili vya saizi ya kati nyuma zaidi. Nne, mbili, mbili. Huo ndio muhuri wa Lycosidae. Buibui wa Agelenidae macho yao manane yanakaribiana ukubwa na yamepangwa safu mbili. Kwa hiyo usiku ule macho hayakunidanganya.

Kisha nikaufuata mkia. Mirija ya nyuzi haikunyauka. Jozi ya nyuma ilikuwa ndefu kupita ya mbele, na kipande chake cha mwisho kimejitokeza wazi, kama kidole cha ziada. Mbwa mwitu wengi mirija yao ni mifupi, ukimtazama kwa juu huioni. Mirefu namna hii ni ya mfumaji.

Mwalimu aliporudi, safari hii kwa chaji isiyoingia, nilimkalisha kwenye hadubini. Akatazama muda mrefu.

"Fundi, wewe ulisema alikuwa anatembea."

Nikamwambia habari ya utando.

Hakunigombeza, alicheka tu, lakini jioni ile nilikaa na Katalogi ya Buibui wa Dunia, ile inayotunzwa na makumbusho ya Bern, Uswisi, ambayo ukijiandikisha bure unapata hata makala zenyewe. Haikuchukua saa moja. Ipo jenasi ya Lycosidae inayofuma shuka yenye faneli, inapatikana Afrika na Asia, jina lake Hippasa, ya tangu mwaka 1885. Na si ya peke yake: Marekani wapo Sosippus, Ulaya wapo Aulonia. Kumbe "mbwa mwitu hafumi" ni sentensi ya mtu aliyesoma ukurasa wa kwanza.

Ukiyatazama macho peke yake, unapata mbwa mwitu, halafu programu inakumalizia kwa Hogna. Ukiitazama mirija peke yake, unaweza kuishia Agelenidae, kwa sababu hata wao wengi wana mirija mirefu ya nyuma. Macho na mirija kwa pamoja, na utando ukiwepo wa kuthibitisha, ndipo unafika Hippasa. Nilikuwa na vyote vitatu tarehe 6 Aprili, saa tatu usiku, nimeinama kwenye nyasi.

Sasa chakula. Baada ya kujivua nilimwacha wiki moja meno yakauke na kuwa magumu. Siku ya 19 nikampa nzi kwenye sakafu ya udongo, akarudi nyuma. Siku ya 21 nikachomeka mabua ya nyasi saba, wima, upande mmoja wa kopo. Asubuhi yake shuka ilikuwa imetandazwa, mbovu mbovu, imeinamia upande wa mguu uliokosekana, lakini ni shuka, na faneli imeshuka nyuma ya gome. Nilidondosha nyenje mdogo katikati. Sikuona alivyofika. Niliona nyenje, kisha nikaona buibui juu ya nyenje, kisha faneli imemeza wote wawili.

Nikamtumia mwalimu ujumbe: hawezi kula bila mabua. Yeye akajibu kwamba alikuwa anajivua, acha kumtungia sababu. Tulibishana wiki mbili. Hoja yake ilikuwa na uzito: siku 12 za kwanza kujivua kunatosha kuzieleza, na siku ya 19 huenda meno yalikuwa bado. Mei, nyasi zikiwa bado nzito, nikachukua wengine wawili kwenye kiwanja kile kile, wadogo kidogo, na safari hii nikapiga picha utando kwanza, kabla ya kugusa kitu, rula ikiwa pembeni. Mmoja nikamwekea mabua. Mwingine nikampa kopo tupu kama la yule wa kwanza.

Wa mabua alifuma usiku ule ule. Wa kopo tupu alifuma usiku wa pili, kwenye kona, kati ya ukuta wa plastiki na gome, shuka ndogo ya vidole vitatu, na siku ya tatu akala nyenje. Bila bua hata moja. Nadharia yangu ikafa. Ya mwalimu ikabaki imesimama, na hakuchelewa kunikumbusha.

Lakini kuna kitu hakikuniingia. Kama kopo tupu linatosha, yule wa kwanza mbona hakufuma hata kidogo katika siku zote zile? Nikarudi kwenye zile picha 60, si zile nilizokwisha kuzikata na kuzinyoosha, bali za asili, zenye kona zote. Picha ya siku ya tatu: kushoto juu, nje ya pale nilipolenga, nyuzi kama kumi zimevutwa kutoka kwenye gome hadi ukutani. Siku ya tano: hazipo. Siku ya sita: zipo tena, zimezidi, na zimeanza kushikana. Siku ya nane: kona nyeupe pe, safi, na ncha ya brashi yangu inaonekana pembeni mwa picha.

Alikuwa anafuma. Kila alipofikia mahali pa kusimamia nilikuja na brashi, nikidhani natoa uchafu, nikaurudisha usiku wake mwanzo. Yule wa pili nilimwachia kona yake kwa sababu safari hii ndiyo niliyokuwa nimekuja kuitazama.

Nilipompelekea mwalimu zile picha nne alikubali nusu. Bado anashikilia kwamba kujivua kulichangia, na mimi sibishi tena. Siku za mwisho kabla ya ngozi hata nyuzi zilipungua. Ila sioni namna ya kueleza yule aliyemkimbia nyenje siku ya pili, tumbo lake bado halijajaa vile, isipokuwa kwamba anayezoea kuhisi windo kwa mtetemo wa shuka alikuwa amesimamishwa kwenye udongo mtupu, na kitu chenye miguu sita kinamjia moja kwa moja.

Jina la spishi nililitafuta na sikulipata, na sababu yake inafaa kuelezwa. Buibui hawa hutajwa hadi spishi kwa viungo vya uzazi vya aliyekomaa: kwa jike ni kibamba kigumu chini ya tumbo, epijini, na kwa dume ni ncha za palpi, vile viungo viwili vya mbele vinavyofanana na miguu mifupi. Ngozi aliyoivua siku ya 12 haikuwa na epijini, tafsiri yake ni kwamba nilimkamata akiwa amebakiza kujivua mara moja kabla ya utu uzima. Baada ya kujivua ilionekana. Nilimwingiza kwenye mfuko laini wa plastiki, nikamkandamiza polepole kwa sponji mpaka tumbo likagusa plastiki, nikapiga picha kwa hadubini, sekunde 40, nikamwachia. Wapo wanaowatia buibui kwenye friji ili watulie. Mimi sipendi, akiwa kwenye baridi anakunja miguu, na ukizubaa anakufa.

Kwa michoro nilikuwa na kazi ya mwaka 2005 ya Wabelgiji wawili, Alderweireldt na Jocqué, waliopitia upya Hippasa wa Afrika. Nyuma yao yupo Roewer, Mjerumani, aliyeandika kurasa zaidi ya 1,000 za mbwa mwitu wa Afrika mwaka 1959 na 1960, akianzia na vielelezo vya Mbuga ya Upemba kule Katanga. Roewer alikuwa na mkono mwepesi wa kuunda majenasi, kwa kuhesabu miiba na meno, na waliomfuata wamekuwa wakiyafumua. Epijini yangu ilikaa kati ya michoro miwili. Kilichohitajika ni kuitoa, kuisafisha na kuitazama kwa ndani, na sikuwa tayari kuua kwa ajili ya neno la pili la jina.

Mwishoni mwa Mei alitengeneza kifuko cha mayai. Hapo hata mke wangu alikuja kutazama. Mbwa mwitu hubeba kifuko kimenatishwa kwenye mirija ya nyuzi, anakiburuta nyuma kama mtoto anayevuta gari la makopo, na wale wa jamii ya Pisauridae wanaofanana nao hukishika kwa meno kwa mbele. Chake kilikuwa nyuma, cha mviringo, cheupe chenye kijani kidogo. Watoto wa mbwa mwitu wakianguliwa hupanda mgongoni mwa mama, wakashika manyoya maalumu yenye vifundo, na nilikuwa nimekwisha kuandaa mwanga kwa ajili ya picha hiyo. Mke wangu akaniuliza dume alimpata wapi. Nikakaa kimya. Alikomaa kibarazani kwangu, kopo limefungwa. Jike ambalo halijapandwa linaweza kutaga, linafuma kifuko vizuri kabisa, linakibeba na kukigeuza, na ndani hamna kitu. Alikitunza siku 23, kisha asubuhi moja nikakikuta kimechanika na nusu yake ameila.

Alikufa Agosti, mwenyewe, kwenye faneli. Wale wawili wa Mei nilikuwa nimewarudisha kiwanjani mapema, mahali pale pale. Yeye nilimtia kwenye chupa tupu ya dawa ya sindano yenye spiriti, na ndani nikatumbukiza karatasi iliyoandikwa kwa penseli, maana wino unayeyuka. Karatasi ya kwanza ilisema: Hippasa, jike, miguu 7, Bigwa, Morogoro, 6 Aprili, nyasini. Niliifunga, nikaiweka rafu ya skrubu. Baada ya siku mbili nikaifungua tena, nikaitoa karatasi kwa kibano, nikaianika juu ya meza ya kazi mpaka ikauka, nikaongeza maneno mawili: mdomoni mwa utando wake. Hesabu inasema ni manne. Lile la mwisho liliingia kwa tabu, karatasi ilikuwa imeisha.